Chambo cha Hamsini

Ukitaka kumjua mtu anayekata ngisi vizuri kuliko wote kisiwani Mombasa, njoo Mji wa Kale uulize nyumba ya Mejumaa wa Chambo. Ukimpata, mwambie ni mjomba wake aliyemfundisha kushika kisu. Atakataa. Atakwambia alijifundisha mwenyewe, na kwamba mimi kisu nakijulia kumenyea embe. Usimsikize. Binti wa dadangu huyo, nimempangusa makamasi kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Mejumaa ana miaka arobaini na sita. Hauzi samaki wa kula, auza chambo, na wateja wake ni wale wanaovua kwa raha zao: makarani, madaktari, watu wa bandarini, mabwana wa Kizingo wanaoshuka kwenye magari na viti vya kukunja. Hawa hawavui kwa njaa. Mtu ana nguru mzima kwenye friji nyumbani, lakini Jumamosi atatoka na fimbo tatu, asimame juani mpaka saa kumi, arudi na changu mmoja wa kiganja na furaha kama ya bwana arusi. Wazimu huo siulaumu, kwani na mimi wanilisha. Nyumba ya tatu kutoka kwa Mejumaa nayeyusha risasi na kumimina chubwi, vile vipande vizito vya kuzamisha mshipi. Chubwi zangu, wallahi, huzama hata kabla hujazitupa.

Watu hawa walikuwa wakikutana Ngazini. Ndivyo tunavyopaita: ngazi za mawe za kale zinazoteremka majini nyuma ya nyumba zetu, na ukuta mpana pembeni ulioweza kukaliwa na wavuvi arobaini bila mtu kunasa sikio la mwenzake.

Jumamosi, Mejumaa akisha kusali alfajiri, alikuwa mbio sokoni kuwahi ngisi kabla hawajaoshwa. Ngisi aliyeoshwa kwa maji ya mfereji, samaki humpa mgongo. Akirudi, aliwakata vipande virefu, vyembamba kama utepe wa nywele, kila kimoja na kijimkia cha kuchezacheza majini. Simu, wale dagaa wadogo, aliwatia chumvi ya mawe wasioze. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, chambo alikifunga kwa jani pana la mti wa mkungu, akalibana kwa kijiti cha ukuti. Wavuvi walilipenda jani hilo. Laweka ubaridi, na ukimaliza walitupa bila dhambi.

Kwa majani hayo Mejumaa aliezeka nyumba upya. Kwa majani hayo binti yake wa kwanza yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa pili. Nayasema haya leo kwa sababu yameshatangazwa mbele ya watu, na nitawaambia yalivyotangazwa. Lakini zamani ungemwekea Mejumaa kisu shingoni asingekutajia alichopata. Mtaani kwetu pato halitajwi. Ukiulizwa habari za biashara wajibu "twasukuma siku", basi, hata kama waisukuma siku kwa gari jipya. Macho ya watu yana mambo. Mejumaa aliwahi kusema mara moja, mara moja tu, kwamba Jumapili ilikuwa njema, na wiki ile ile pangaboi likaungua. Hakurudia.

Hata friza yake, aliponunua, iliingia nyumbani alfajiri imefunikwa shuka mbili, na watu wakaambiwa ni kabati la nguo. Jirani yake Ummukulthum, muuza viazi karai, ambaye masikio yake yasikia mpaka sisimizi akikohoa, alisimama mlangoni jioni ile.

"Mashallah, Mejumaa. Kabati lenu lanung'unika."

"Ni mbao mbichi," Mejumaa akasema.

"Mbao! Na huo waya?"

"Ni wa taa ya ndani."

Mimi nilicheka mpaka nikamwaga risasi ya moto kwenye kiatu. Sasa sicheki tena, kwa sababu kuficha kule kwa kabati ndiko kulikotumaliza.

Mambo yalianza mwaka jana, pale tangazo lilipobandikwa Ngazini. Alilisoma kwa sauti Joab. Joab ni mwendesha winchi bandarini, mtu wa bara aliyekaa hapa miaka kumi na minane, mteja mkubwa wa Mejumaa kuliko wote. Tangazo lilitoka afisi ya mpango wa ufuo, likisema Ngazini patatengenezwa, na njia ziko mbili. Ama pawe mahali pa kuvulia kwa raha, pawekwe vyuma vya kushikia, taa na choo. Ama pafungwe lango, papewe mashua za matembezi. Ili kuamua, afisi itakuja kuhesabu uvuvi huu wa kujiburudisha waleta shilingi ngapi hapa mjini.

"Basi tumeshinda!" nikasema. "Watu wahesabu tu. Chambo, chubwi, ndoana, chai, viazi vya Ummukulthum, tuktuk, barafu. Ukitoa wavuvi hawa mtaa huu watia kufuli."

"Kweli, mzee," akasema Joab, huku akivuta mshipi. "Sisi ni uchumi."

Uchumi! Kumbukeni alisema neno hilo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Mhesabuji alikuja Jumamosi mbili baadaye. Msichana mpole aitwaye Emmah, viatu vya kufunga na kibao cha kuandikia kwa kidole. Alianza na Mejumaa, na Mejumaa alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndoo ya ngisi katikati ya miguu, na hatua tatu nyuma yake Ummukulthum akichovya viazi kwenye unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huku kuna kivuli, jua litakuharibu uso."

"Asante. Mama, nina maswali machache tu. Kwa Jumamosi moja, unauza kama shilingi ngapi?"

Nikaona bega la Mejumaa likipanda. Nyuma yake viazi viliacha kuchovywa.

"Ah. Twasukuma siku, mwanangu."

"Sawa, lakini kusukuma siku ni kama shilingi ngapi?"

"Ni hizo hizo za kusukuma."

"Mama, nisaidie nipate nambari. Hapa panataka nambari."

"Mia mbili," Mejumaa akasema, taratibu. "Mia tatu, Mungu akitaka."

Emmah akainama, akachungulia ndoo. Humo ndani kulikuwa na ngisi wa elfu nne, wamelala kama mabwana.

"Na hawa wote?"

"Hawa? Hawa wa nyumbani. Twapenda ngisi."

Nilitaka kusema. Nawaapia, neno lilifika kwenye meno. Lakini utamkanushaje mpwa wako mbele ya mgeni, na Ummukulthum ameshikilia kiazi kimoja hewani? Nikamezea.

Emmah akapanda ukutani kwa wavuvi. Wa kwanza alikuwa Joab, na kwa bahati yetu mbaya siku hiyo Joab alikuja na mkewe. Truphosa ni mwanamke mtulivu, mwenye kofia pana na kitabu, asiyesema sana. Joab alikuwa amemwambia miaka yote kwamba kuvua ni bure, bahari ni ya Mungu, chambo ni mabaki ya kamba wa jikoni, na zile fimbo tatu zinazong'aa alizawadiwa na nahodha wa meli. Nahodha! Fimbo moja tu ni elfu kumi na nane, nilikuwapo aliponunua, mimi ndiye niliyempunguzia bei kwa maneno.

"Kwa siku moja ya kuvua unatumia kiasi gani, baba?" Emmah akauliza.

Joab akamtazama Truphosa, Truphosa akafungua ukurasa.

"Hamsini," Joab akasema.

"Hamsini peke yake?"

"Chambo kidogo tu. Ni mambo ya kupunga upepo."

Jani la Mejumaa, la elfu moja na mia mbili, lilikuwa limechungulia kwenye mfuko wake, na kijiti chake. Aliyefuata akasikia hamsini, naye akasema hamsini. Mwingine aliogopa kodi, mwingine mkewe, mwingine jicho la jirani, na mwingine hakuogopa kitu, alisema tu alichosema mwenzake. Hamsini ikatembea ukuta mzima. Nikiwa chini natazama, nilitamani kuwapiga chubwi moja moja.

Ikafika zamu yangu, nikaona acha nilizibe pengo lile. Nikamwambia Emmah kwamba kwa mwezi nauza chubwi za laki nne, kwamba wateja wangu watoka mpaka Unguja, na kwamba mimi binafsi hapo Ngazini nimewahi kutoa kolekole wa kilo sitini na mbili kwa mshipi wa mkono. Aliandika yote. Msichana mwenye adabu sana.

Baada ya miezi miwili tukaitwa kwenye ukumbi wa shule moja Tononoka kusomewa matokeo. Mejumaa alivaa buibui lake jipya. Tulikaa mstari wa tatu, Ummukulthum nyuma yetu, Joab na Truphosa ng'ambo ya njia. Mwenyekiti, Bwana Bramwel, alikuwa mtu wa tai na chupa ya maji. Emmah akasimama kusoma. Kila mvuvi, akasema, hutumia wastani wa shilingi hamsini. Muuza chambo hupata kati ya mia mbili na mia tatu. Ukijumlisha mwaka mzima, uvuvi wa raha wa Ngazini haufikishi mshahara wa askari mmoja wa lango.

"Mhojiwa mmoja," akaongeza, "tulimwondoa kwenye hesabu, kwa kuwa majibu yake hayakuaminika."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Sikuelewa kwa nini. Kilo sitini na mbili zile nilizipunguza kwa adabu.

Hapo Mejumaa akainuka. Nilimshika pindo la buibui, akajichomoa.

"Bwana mwenyekiti, hesabu ile si kweli. Mimi ndiye muuza chambo. Nilisema uongo."

"Kweli ni ngapi, mama?"

Kusema kile alichosema, kwa mtu wa mtaa wetu, ni sawa na kuvua ushungi barabarani. Akasema:

"Jumamosi elfu sita. Jumapili elfu tano. Wiki ya skukuu, mara mbili yake."

Ukumbi ukapiga kelele moja kubwa ya pumzi. Nyuma yetu Ummukulthum akasema, si kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana kabati lilikuwa laimba."

Bwana Bramwel hakucheka. Alipindua karatasi. "Mama, hapa nina watu thelathini na wanane wanaosema wanatumia hamsini. Thelathini na wanane mara hamsini haifiki hata elfu mbili. Hizi elfu sita zako zinatoka kwa nani?"

Swali lilikuwa la haki, na hapo ndipo palipouma. Alikuwa na jibu, limekaa hatua nne kutoka kwake, limevaa shati la mistari. Angenyoosha kidole tu. Aligeuka, akamtazama Joab. Joab akatazama viatu vyake, akavitazama sana, mtu angedhani amevinunua asubuhi ile. Mejumaa akangoja. Kisha akamtazama Truphosa pale kando na kitabu chake. Mteja aliyenunua kwake miaka kumi na miwili, siri yake aimwage mbele ya mkewe?

"Zatoka kwa wateja," akasema. Akaketi.

"Wateja gani?"

Nikasimama mimi, nikaanza, "Bwana mwenyekiti, mimi binafsi..." na ukumbi ukaangua kicheko, nikakaa.

Bwana Bramwel akatupa siku kumi na nne tulete maandishi: jina, kiasi, saini. Usidhani tulilala. Mimi, niliyeishia darasa la sita kwa kuwa la saba liliniogopa, niliiandika barua kwa mkono wangu, na Mejumaa akaichukua mtaa kwa mtaa, Kizingo mpaka Tononoka. Daktari akasema aiache, ataisoma. Karani akasema atasaini wenzake wakisaini. Mmoja akauliza kama nakala yaenda kwa watu wa kodi. Joab tulimfuata mara tatu. "Wiki ijayo, dada. Wiki ijayo bila kukosa." Mara ya tatu Mejumaa hakugonga mlango. Alisimama nje, akasikia sauti ya Truphosa ndani, akageuka tukarudi.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Alhamisi. Barua ilikuwa na saini mbili, yake na yangu, na yangu mwajua haikubaliki. Ijumaa mafundi wakaja na lango. Lango zuri, si haba, la rangi ya buluu, na askari mmoja kwenye kiti. Yule yule, nafikiri, mwenye mshahara tulioshindwa kuufikia.

Jumamosi Mejumaa alikwenda sokoni alfajiri kama kawaida. Nilimwambia, "Mwanangu, wamnunulia nani?" Akasema mkono umezoea. Akaketi mlangoni kwake na ndoo, akakata utepe baada ya utepe, na mimi nikatoa kigoda changu nikakaa karibu naye, maana nyumbani risasi hakuna mtu wa kuinunua. Kichochoroni kukapita paka. Kukapita paka mwingine.

Saa mbili gari la Joab likasimama pale kichochoro kinapoanzia, hatua kumi tu. Truphosa alikuwa ndani, kioo kimeshushwa. Joab akaja, shingo upande.

"Habari za asubuhi, dada."

"Njema, Bwana Joab. Fimbo hizo zaenda wapi?"

"Kilifi. Kuna rafiki ana mashua. Nifungie kama kawaida."

Mejumaa akachagua jani la mkungu lililo pana kuliko yote. Akalipangusa. Akachukua ngisi, akakata mguu mmoja, mguu mmoja tu, mfupi kama kidole changu cha mwisho, akauweka katikati ya jani. Akakunja upande huu, akakunja upande ule, akabana kijiti.

"Hamsini."

Joab akafungua. Akautazama ule mguu.

"Dada, hiki ni nini?"

"Chambo cha hamsini. Kama kawaida. Ndivyo ilivyoandikwa, na muhuri ukapigwa."

"Tafadhali, sauti."

"Kwa nini? Hamsini si aibu."

"Niongezee."

"Cha ngapi?"

Joab akainua kidole kimoja, halafu viwili, akiwa ameligeuzia gari mgongo.

"Mimi vidole sivisomi," akasema Mejumaa. "Mjomba, wewe wavisoma?"

"Miwani nimeisahau ndani," nikasema. Macho yangu ni ya kipanga, lakini siku hiyo nilikuwa kipofu.

Joab akasimama na lile jani mkononi. Jasho likamtoka kwenye nywele. Mara akapasuka:

"Cha elfu moja na mia mbili! Cha elfu moja na mia mbili, kama kila Jumamosi! Na chubwi za mzee za mia tano!"

Dirisha la Ummukulthum likafunguka. Na mlango wa gari pia. Truphosa akateremka, akaja polepole na mkoba wake kwapani, kofia pana ikigusa kuta. Nikajivuta kigoda nyuma kidogo, nisije nikachafuka damu.

"Petroli umeisahau," Truphosa akamwambia mumewe. "Na chai na viazi. Na fimbo za nahodha, risiti yake niliipata kwenye mfuko wa suruali mwaka juzi."

Joab akakosa pa kuweka jani. "Ulijua?"

"Baba Lewis, nguo zako nafua mimi. Zinanuka ngisi mpaka sabuni inakimbia."

Mejumaa akaweka kisu chini. "Dada, hata siku ile ukumbini ulikuwa wajua?"

"Nilijua." Truphosa hakuinua macho. "Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Nilijiambia leo, mbele ya watu wote hawa, atasema, nami nitamsamehe hapo hapo. Hakusema."

"Na wewe hukusema."

"Na mimi sikusema."

Dirishani Ummukulthum akakohoa. "Mimi nami kabati nililijua tangu siku ya kwanza. Nani hajui friza?"

"Ummukulthum, funga dirisha," akasema Mejumaa, bila hasira, kama mtu aliyechoka.

Joab akaanza kujipapasa mifuko. "Nipeni karatasi. Mzee, ile barua iko wapi? Naandika sasa hivi. Elfu moja na mia mbili, petroli, fimbo, vyote. Jina na saini."

"Siku zilikwisha Alhamisi," Mejumaa akamwambia.

"Labda wataipokea..."

"Jana waliweka lango, Bwana Joab. Nenda ukalitazame. La buluu."

Akamfungia chambo chake, jani limejaa mpaka likafura, vipande vyembamba kama utepe, kila kimoja na kijimkia. Nami nikamletea chubwi. Akalipa zote, mkewe amesimama hapo hapo akitazama noti moja moja. Kisha wakaondoka kwenda Kilifi, kula viazi vya Kilifi na kunywa chai ya Kilifi, na Jumamosi nyingine, najua, chambo nacho watakipata huko huko.

Mejumaa akainamia ndoo. Mlikuwa mmebaki ngisi wa watu thelathini na saba. Akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Mjomba, nipe chumvi."